Mama mkwe amenikabidhi trekta, sasa nichague bapa gani?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako mapema kabla mvua haijaniwahi, maana nimeona unavyowajibu wenye waume wasiorudi nyumbani na wenye mawifi wa midomo, na mimi mume wangu anarudi na mawifi zangu wako mbali, tatizo langu ni chuma, usicheke tafadhali, ni bapa la kufunga nyuma ya trekta, lile la kusawazishia njia ya changarawe, na kwenye hilo bapa ndipo alipo mama mkwe wangu.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ana duka la dawa, na tunaishi na mama yake kwenye nyumba iliyo mwisho wa njia ndefu ya changarawe inayoanzia barabara kuu, inapanda, inakata kona kwenye banda la ng'ombe, halafu inashuka mpaka getini kwetu, na kila asubuhi gari la kukusanya maziwa hupita hapo kuja kuchukua maziwa ya ng'ombe wa mama. Watu wanaokuja kuchukua nguo zao kwangu huisifia njia kabla hawajausifia mshono. Anayeitunza ni mama mkwe mwenyewe, kwa trekta dogo na bapa kuukuu, majirani wanamwita Mama Bapa na yeye anaitika bila shida.

Laiti ungemwona akiwa kazini, mshauri. Anasubiri mvua ipite udongo ubaki na unyevu kidogo, siyo tope siyo vumbi, kisha anaanzia ukingoni anazivuta changarawe zilizokimbilia pembeni na kuzirudisha katikati, taratibu kuliko mtu anayetembea, kichwa amekigeuza nyuma kulitazama bapa na mkono mmoja uko kwenye wenzo wa kulipandisha na kulishusha, anaipa njia mgongo katikati ili maji yagawane kushoto na kulia, na akimaliza anavua viatu anaitembelea peku, mguu ukiingia kwenye kibonde hata cha ukubwa wa kisahani cha chai anapanda tena trekta akakisawazishe. Nimeshika mkasi tangu nikiwa msichana na sijawahi kuona mkono uliotulia kama ule. Nampenda mama huyu, niseme ukweli, nampenda na namwogopa.

Sasa bapa limepasuka pale linaposhikana na trekta, fundi wa kuchomelea amelichomelea mpaka amesema kilichobaki ni viraka vitupu, njia nayo imeanza kuharibika, pale kwenye kona maji yamekata mfereji na huku getini kuna mashimo, na dereva wa gari la maziwa, mtu mstaarabu tu, amesema akigonga tena lile shimo kubwa hataingia, maziwa tuyafikishe wenyewe barabara kuu. Basi tukiwa mezani mama akaweka kijiko chini akamwambia mume wangu, "Bapa jipya achague mke wako. Na trekta ataendesha yeye."

Mume wangu akacheka, "Mama, huyu ni wa sindano na uzi! Mimi mwanao je?"

"Wewe ulishaingia na trekta kwenye banda la kuku," mama akasema. "Kuku bado wanakukumbuka."

Nikamfuata jikoni nikamwuliza kwa upole, "Mama, lakini wewe mwenyewe unapenda lipi?" Akanijibu bila kugeuka, "Mimi nimeshachagua, mwanangu. Nimekuchagua wewe. La chuma chagua mwenyewe."

Mshauri, nisikilize. Naona wazi kwamba huu ni mtihani, kwa sababu siku hizi mama amebadilika, nikimwita hageuzi shingo kama zamani, anageuka mwili mzima taratibu kama askari wa gwaride na kunisikiliza hivyo hivyo amekakamaa, mezani amehama kiti chake cha miaka yote akakaa pale panapotazamana na mimi, hata akiendesha trekta hatazami tena nyuma, anakwenda moja kwa moja, anasimama, anashuka, anarudi kwa miguu kuangalia alichokifanya, na majuzi amegonga nguzo ya geti akirudi kinyumenyume, kutwa ananukia dawa ya kuchua na uso ameukunja. Nahisi kuna jambo nimemkosea na ananipima, nikichagua vibaya ataniona si wa nyumba hii.

Na uchaguzi wenyewe mgumu. Mume wangu na yule fundi wa kuchomelea wanataka sanduku la chuma lenye meno mbele, fundi anasema lile halihitaji akili nyingi, unalishusha unakwenda zako. Mimi moyo wangu uko kwenye bapa la wazi kama la mama, lile linalogeuzwa pembe, ila linataka ujuzi na naogopa kuiharibu njia yake mbele ya macho yake. Nimejitahidi, nimechukua futi yangu ya kupimia nguo nikapima trekta kutoka tairi hili mpaka tairi lile, sasa nataka bapa la kipimo hicho hicho kamili, lisizidi lisipungue, lakini mume wangu ananikejeli kwamba mchagua jembe si mkulima, beba lolote twende. Nishike mkono mshauri, nisije nikampoteza mama huyu kwa sababu ya chuma.

Ni mimi, mkazamwana wa Mama Bapa.

MSHAURI ANAJIBU

Mkazamwana, barua yako nimeisoma nikairudia kwa utamu wake. Kwenye meza yangu mama wakwe huletwa kushtakiwa. Wewe umeniletea wako umemsifia kuanzia mkono hadi nyayo. Hongera sana, na hongera kwake pia. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Hakuna mtihani wowote. Hebu soma mwenyewe ulichoandika. Mama ukimwita anageuka mwili mzima. Amehama kiti ili anayezungumza naye awe mbele yake. Kwenye trekta hatazami nyuma tena, anaona heri ashuke atembee. Amegonga nguzo akirudi kinyumenyume. Ananukia dawa ya kuchua. Binti, mama yako shingo inamuuma! Umeona kila kitu kwa jicho la fundi, kisha ukakitafsiri kwa jicho la mwoga, kwa sababu muda wote ulikuwa unajitazama wewe.

Na huyo mumeo, muuza dawa mzima, dawa ya kuchua inatoka kwenye rafu yake na hajawahi kumwuliza mama yake anachua wapi? Msalimie sana. Mwambie kesho afunge duka ampeleke mama hospitali akapimwe shingo. Kuku wamsamehe, mimi hili simsamehe mpaka mama amemwona daktari.

Nina kaka aliyekalia greda la barabara tangu ana nywele, na kabla ya kukujibu nilimsomea barua yako. Akasema, "Huyo mama ni mwenzetu. Sisi kwenye greda bapa liko tumboni, unalitazama ukiwa umetazama mbele. Yeye lake liko mgongoni. Njia yote hiyo ameinyoosha kwa shingo." Nimemfahamu kaka yangu kwa muda mrefu na si mtu wa kusifu madereva wengine. Akaniuliza kama inawezekana siku moja apite aione hiyo njia.

Tuje kwenye chuma sasa. Sanduku lenye meno si baya, wala fundi wenu hakukosea kulitaja. Njia yenu ingekuwa tambarare yenye mashimo tu, ningekuambia lichukue hilo hilo, meno yachimbue pagumu na sanduku lizoe changarawe lizimwage penye bonde. Lakini yako inapanda, inakata kona, inashuka, na maji yameshaanza kuchimba mfereji wao. Sanduku linaburuta kuelekea mbele tu; halisukumi changarawe kwenda pembeni wala halifukui mtaro. Unalohitaji ni bapa linalogeuzwa pembe na kuinamishwa upande mmoja, ili ncha yake ifukue mtaro wa pembeni na tumbo lake lirudishe changarawe kwenye mgongo wa njia. Yaani moyo wako ulikuwa umeshachagua sawasawa, ulichokosa ni kuuamini.

Ila kipimo chako kimenichekesha mpaka mtu wa ofisi ya pili amekuja kuchungulia. Fundi cherehani unakata nguo kwa kipimo cha mwili bila kuacha kitambaa cha mshono? Bapa ukiligeuza pembe, upana wake unapungua. La kipimo chako kamili litakuwa finyu kuliko trekta lenyewe, na kila utakapopita alama za tairi zitabaki nyuma yako hazikufutwa. Chukua linalozidi, ambalo hata likikaa mshazari linafunika tairi zote mbili. Liwe zito pia, kwa maana jepesi hurukaruka juu ya udongo mgumu na kukuachia njia yenye mawimbi. Uzito nao una kiasi, trekta lenu ni dogo. Kabla ya kununua, mwambie muuzaji alifunge alinyanyue hapo hapo dukani kwake. Tairi za mbele zikianza kutazama mbinguni, mwambie ahsante uondoke.

Mumeo anaposema mchagua jembe si mkulima, mjibu kwamba wahenga walisema jembe. Jembe baya litakuchosha mikono. Bapa baya litaondoka na njia, na gari la maziwa lisije tena.

Yale mashimo ya getini usiyajaze changarawe na kuyashindilia juu juu. Wengi hufanya hivyo, gari likipita mara mbili shimo limerudi na ndugu zake. Chimbua eneo lote linalolizunguka mpaka usawa wa chini kabisa ya shimo, ndipo usambaze upya. Kwa kazi hiyo azimeni sanduku lenye meno kwa mtu, mumeo naye afurahi. Endesha polepole, haraka ndiyo inayoleta mawimbi. Na wasomaji wangu nawajua, mmeshaanza kusema hapa mshauri anatuzungumzia ndoa kwa mafumbo. Nazungumzia changarawe. Mkiona na ndoa imo humo, shauri yenu.

Limebaki lililokuleta kwangu, nalo si la dukani. Mama yako alikuambia jikoni kwamba amekuchagua wewe, na wewe ukakimbia na neno hilo kama umeitwa kortini. Kumbuka alikuwa na mwana wa kumzaa mezani hapo hapo. Angeweza kumkodi dereva. Angeweza hata kusema gari la maziwa liishie barabara kuu na mambo yakaisha. Mtu aliyeitwa Mama Bapa miaka yote hawezi kusimama mbele ya familia aseme shingo yangu imekataa kugeuka. Alichoweza ni kukitoa kile anachokipenda na kukiweka mikononi mwa mtu anayemwamini. Mimi nimewashauri watu wengi, na ni wachache walioamkia bahati kama hiyo. Usiniandikie tena kwamba unaogopa kumpoteza.

Leo hii ukimaliza kusoma, weka cherehani pembeni umfuate popote alipo, ukae mbele yake asihangaike kugeuka. Usimpe pole nyingi, wenye fahari pole huwachoma. Mwambie hivi: "Mama, nimejua shingo inakusumbua na kesho tunakwenda hospitali. Bapa nimechagua la kugeuza pembe kama lako. Lakini kuangalia nyuma peke yangu siwezi, nakuomba usimame ukingoni uniangalizie." Kisha nyamaza. Mwache ajibu kwa namna yake, hata kama jibu lenyewe ni kuagiza chai.

Siku ya kwanza utaharibu. Utalishusha bapa mno, utachimba handaki pale kwenye kona, changarawe zitamwagika upande ambao hazikuombwa, na mama mkwe wako atakufokea kutoka ukingoni mpaka majirani watoke nje: "Pandisha! Pandisha! Kushoto, we mtoto, kushoto!" Usisimame, usishuke kuomba radhi, na usije ukadhani amekukasirikia. Miaka yote hiyo yeye hakuwa na mtu wa kusimama ukingoni amfokee. Alilazimika kugeuka mwenyewe kila hatua. Wewe tazama bapa lako, shika wenzo wako, endelea kuvuta. Kadiri anavyopiga kelele, ndivyo shingo yake inavyopumzika.