Samaki Mwindaji Niliyemchagulia Tajiri Wangu

Maskati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu mvua zianze? Mdogo wangu Eliza aliniambia kwamba umeshakaidi amri ya daktari na kurudi sokoni Viwanja Sitini na kambale wako wa kubanika, eti kukaa nyumbani ndiko kunakokuumiza. Sikushangaa hata kidogo. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna amani, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza, na habari hii nataka uipate yote.

Tajiri wangu, Bwana Khalfani, alinunua tangi la kioo la kufugia samaki akaliweka sebuleni. Hakutaka samaki wa mapambo wanaopatikana kila nyumba. Alitaka anayewinda, ambaye wageni wakimwona watauliza ni kitu gani hicho. Kwa kuwa mimi dereva wake niliwahi kujisifu kwamba marehemu baba alikuwa mvuvi wa Kilombero, akanichukua dukani nikamchagulie. Nilikwenda kifua mbele, Mama. Tangu nije huku ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa jambo ninalolijua.

Dukani kulikuwa na bunju mwenye macho ya mtu aliyenyimwa chakula, na samaki mrefu wa mdomo kama wa mamba. Kwenye kona nikamkuta ndugu wa yule samaki wetu wa mtoni mwenye meno ya nje, anayemkatia Mjomba nyavu kila masika. Alikuwa bado mdogo, urefu wa kiganja. Bwana Khalfani akampenda palepale.

"Huyu, Faustini. Tazama meno."

"Bosi, huyu ni wa maji yanayokimbia," nikamwambia. "Akikua atapita urefu wa mkono wangu. Kwetu akinasa anaruka mpaka ndani ya mtumbwi. Ukimfungia kwenye kioo atajigonga mpaka achubuke pua."

"Basi nitafutie mwingine. Lakini awe muuaji."

Nikazunguka sana. Mwishowe nikasimama mbele ya tangi nililodhani ni tupu, lina jani moja tu lililokauka, limeinama kichwa chini. Muuzaji akatumbukiza kisamaki. Jani likasogea taratibu, kama linasukumwa na maji, kisha mdomo ukachomoka ghafla, mrefu kuliko ulivyopasa kuwa, na kile kisamaki hakikuonekana tena. Jani likarudi kuwa jani. Nilicheka peke yangu. Huyo hahitaji mto wala mbio, anakaa palepale akingoja mjinga apite. Bwana Khalfani akanipiga bega, akasema kazi ya kumlisha ni yangu. Muuzaji akatuonya kwamba hagusi chakula kilichokufa, lazima kiwe kinaogelea.

Hapo ndipo lilipo kosa langu. Siku chache baadaye vile visamaki tulivyonunua kwa chakula chake viliisha, na mchana ule tajiri alikuwa na wageni waliokuja kumwona mwindaji wake akila. Jikoni, dirishani, kulikuwa na bakuli kubwa lenye visamaki vitano vya mikia myekundu. Wewe unajua kambi ya wavuvi ilivyo. Ndoo ya chambo hai hukaa mlangoni pa kibanda, na anayekwenda kutega ndoano huchota bila kuuliza ni ya nani. Nimekulia humo. Nikaona visamaki vidogo katika nyumba yenye samaki mkubwa, nikajua ni chambo. Nikavimimina vyote tangini. Wageni walipiga makofi, na kufikia asubuhi hakikubaki hata kimoja.

Kumbe vilikuwa vya Bi Salma, mama yake tajiri. Bibi huyu alizaliwa Unguja, na nikimpeleka hospitali huzungumza nami Kiswahili njia nzima hadi najisikia niko kwetu. Visamaki vile ni uzao wa wale ambao marehemu mumewe alimletea, na kila asubuhi alikuwa akivisalimia. Tena ni yeye aliyeniombea likizo kwa mwanawe, nije nimpeleke Eliza kanisani siku ya harusi yake, mahali pa baba. Tajiri alikuwa ameshakubali.

Lawama ikamwangukia Hanna, dada Mhabeshi anayepika. Wakasema amevimwaga akisafisha bakuli. Hanna alikana huku akilia, hakuna aliyemwamini, na tajiri akasema atarudishwa kwao. Mama, sitakuficha: nilinyamaza siku nzima. Niliosha gari ambalo lilikuwa safi. Nilimfikiria Eliza na gauni lake, nikajiambia Hanna atapata kazi kwingine. Nilijichukia.

Kesho yake nikamfuata Bi Salma barazani.

"Bibi, samaki wako niliwachukua mimi. Nilidhani ni chambo."

"Chambo," akasema. "Marehemu angelicheka." Kisha akajifunika uso kwa ushungi, akalia. Afadhali angenitukana.

Hanna amebaki. Bi Salma amenisamehe, na jana aliniuliza hali ya goti lako. Lakini Bwana Khalfani hakulegea, hata mama yake alipomsihi. Aliniambia, "Kuchukua samaki ni kosa, nalielewa. Ila ulimwacha mwenzio alie siku nzima. Likizo mwaka huu hakuna." Na ni kweli.

Kwa hiyo harusini sitakuwepo. Usimlaumu tajiri. Na usimwambie Eliza kwamba nimenyimwa ruhusa tu, mweleze yote kama nilivyoandika, hata ile siku niliyonyamaza.

Nisalimie bibi mzaa baba kule Mngeta, na mama mdogo na watoto wake. Msalimie pia jirani yetu Msukuma anayekuletea maziwa, mwambie nayakumbuka.

Mjomba naye msomee hapa mwenyewe. Mjomba, shikamoo. Siku hiyo utamshika Eliza mkono badala yangu. Mzuie asiharakishe, maana akiwa na woga hukimbia. Mkifika mbele ya altare, usimwachie mara moja. Mshike kidogo zaidi, kwa niaba yangu.

Mwanao,
Faustini