Sonde Tuliyoijaribu Shingoni Mwako

Yaya Paluku, mkubwa wangu wa kazi,

Sonde haikuwa na kosa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza hali ya mke wako. (Hajambo. Viazi vimekubali mwaka huu.)

Tangu tukuzike nimebaki peke yangu katika karakana uliyonifundishia kazi, hapa Butembo. Wanajeshi wamebadilika tena, vizuizi vya njia ya Beni viko palepale. Mwanzoni sikugusa kitu. Kisha siku moja nikawasha mashine ya ekografi, ile inayotazama ndani ya mwili kwa mlio, nikapaka jeli, nikaweka sonde yetu, kichwa chake cha kushika mkononi, kwenye shingo yangu mwenyewe. Picha ilitoka safi, kuume na kushoto. Nikakaa chini.

Unakumbuka tulivyoiunda. Sonde ya zamani ilikuwa ya kutazama matumbo. Vitu vilivyo karibu na ngozi iliviona kama ukungu. Ukasema tunahitaji mlio wa juu zaidi, na mlio hupanda kisahani cha kauri kinacholia ndani ya sonde kikiwa chembamba. Tukasugua visahani juu ya kioo, vikavunjika, tukasugua vingine. Nyuma yake tukabandika gundi iliyochanganywa na unga wa wolfram, lile jiwe zito la wachimbaji wa Lubero, ili kisahani kinyamaze upesi kila kikishalia. Wewe ulitwanga, mimi nikachekecha. Mwisho tukakifunga ndani ya mafuta.

Kila jaribio lilifanyika shingoni mwako, maana vitufe nilivishika mimi. Na kila mara palionekana doa jeusi upande wa kuume. "Kiputo ya hewa iko mu mafuta," ulisema. "Fungula tena." Nilifungua, nikamwaga mafuta, nikajaza mapya. Doa likarudi. Kuigeuza sonde tu kungetosha: kiputo kingehamia upande wa pili wa shingo, doa lako lisingehama. Hatukuwaza hivyo. Tuliishuku kazi ya mikono yetu kuliko kitu kingine chochote. Sauti yako ilipokauka ulicheka: "Ni mavumbi ya majiwe, lakini itaisha." Ulipofika kwa mpasuaji wa Beni, uvimbe ulikuwa umeshakaba koo.

Baadaye mdogo wako Masika alikuja kutoka Kipese, shingo ameifunika kwa kitenge. Nikampima. Doa jeusi. Nilijikuta nimeshika turnevisi, ile bisibisi yetu, tayari kuifungua sonde. Yaya, nakwambia kweli, mkono ulikwenda wenyewe. Nikaiweka turnevisi chini, nikageuza sonde. Doa lilibaki mahali pake, shingoni mwa Masika.

Daktari wa hapa alitazama picha, akauliza, "Donc, hii sonde ya kujitengenezea, unaiamini?" Nikamjibu, "Naiamini, Dokta. Hapana sonde ndiyo iko na kosa. Ni mutu ndiye mugonjwa." Akakubali Masika apelekwe kwa mpasuaji wa Beni. Masika akapanda lori la mfanyabiashara mmoja, wakavuka vizuizi vyote salama.

Anaongea, anakula, amesharudi shambani. Nilifurahi sana. Halafu nikaambiwa kwamba kumkata uvimbe ule hakukuchukua hata asubuhi nzima, na hapo nikakasirika, na hasira hiyo haijaniisha. Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Pumzika, Yaya. Nakuahidi jambo moja tu, ambalo naliweza: hakuna sonde itakayotoka mikononi mwangu kabla haijapimwa kwenye shingo mbili.

Mimi,
Kavira