Baba Alikataa Kiti cha Mbele

Makindye,
Kampala.
Januari 7, 2025.

Mpendwa dada yangu Celestine,

Pokea salamu zetu zote, pamoja na zile ambazo simu huzikatakata kabla hazijakufikia. Mgongo umepoa? Na hao wagonjwa wako wa Doha, siku hizi wanakuacha umalize chakula, au bado wanakuita ukiwa na tonge mkononi? Sisi huku hatujambo. Akech aling'oka jino la mbele na anaona haya kucheka, basi kaka yake Travis ndiyo kazi yake sasa, kumchekesha makusudi. Baba yao Ogutu yu mzima na duka lake la spea. Mimi cherehani haijanipa nafasi, maana Januari ndiyo mwezi ambao wazazi wote wa Kampala wanagundua kwamba watoto wamekua na sare hazifungi vifungo.

Naandika kwa kalamu, kisha nitampa huyu binti wa jirani anayerudi kazini huko, kwa sababu kwenye grupu la familia ungenikatiza. Unajijua. Hapa utanisoma mpaka mwisho.

Najua unangoja habari moja tu: Mama amekubali kubaki Kampala au hakukubali. Tulipatana sisi watatu, wewe, mimi na ndugu yetu Saverio aliye huko nyumbani. Presha ya macho imemwachia Mama mwanga kidogo tu wa pembeni, na tangu alipoanguka karibu na kisima tulisema Kimilili si mahali pake tena. Mimi nikapewa kazi ya kumwambia likizo ikiisha: Mama abaki huku karibu na daktari, Baba arudi nyumbani na ng'ombe wake. Nitakujibu, lakini ngoja kwanza nikusimulie tulivyotembea, kwa sababu jibu nililipata humo.

Kwanza malazi. Kulala kwangu haikuwezekana, hilo hata wewe na uzungu wako wa Doha hujalisahau. Mama mkwe chini ya paa la mkwe wake, nani angemweleza Mama hivyo akabaki na fahamu zake? Mama Maimunah ndiye aliyetuokoa. Ni yule jirani yetu Mnubi, mjane, anayefuma vikapu. Kati yetu kuna ua wa michongoma tu. Akasema ana chumba kikubwa kimekaa bure tangu mwanawe aoe, na kwamba wageni ni baraka ya nyumba. Kahawa yake ya tangawizi Baba aliipenda mpaka nikawa na wasiwasi hatalala.

Mimi nilikuwa nimepanga likizo kama mtu anayepanga harusi. Sijawahi kuwaona wazazi wetu wakienda mahali pamoja isipokuwa matangani na hospitalini, na hata huko Baba anatangulia na Mama anafuata kwa nyuma na mfuko. Nikasema safari hii watakula raha, wataona mji, watanunuliwa nguo za Krismasi kama watoto. Kwa ndani nilikuwa nawaaga, lakini hilo sikumwambia mtu.

Siku ya kwanza tulikwenda soko la Owino kununua vitambaa. Ogutu akaleta gari lake, ile Noah, imeoshwa inang'aa. Mpango wa viti ulikuwa wazi: Mama nyuma kabisa na wajukuu, mbali na mkwe wake, mimi katikati, na Baba mbele pale pa heshima. Ogutu akafungua mlango wa mbele, akasimama kama askari. Baba akampita. Akazunguka, akainama na magoti yake yale mabovu, akajipenyeza hadi kiti cha nyuma kando ya Mama, akamwambia Travis asogee.

Nilikasirika, sikufichi. Mkwe wako anakufungulia mlango, unampita? Ogutu akaendesha peke yake huko mbele kama dereva wa teksi, masikio yamemwiva. Tulipofika Kibuye nikageuka nimwulize Baba kulikoni. Ndipo nikamsikia.

Alikuwa anaongea, Celestine. Baba yetu, ambaye akisema maneno matatu mezani tunatazamana. Alikuwa ameinama sikioni kwa Mama, kwa Kibukusu cha chini chini:

"Mama Celestine, hapa kuna mtu amebeba kochi kwenye pikipiki."

"Kochi zima?"

"Zima. Na mwenye kochi amelikalia."

"Muongo wewe."

"Basi muulize Nasike."

Mama akaniuliza, nikasema ni kweli, na akacheka mpaka akafuta macho. Njia nzima ikawa hivyo. Hakuacha bango, hakuacha mwanamke mwenye ndizi kichwani, hakuacha hata mbuzi. Na kila sentensi anaanza na Mama Celestine, Mama Celestine. Jina lako limekuwa hapa likizo nzima kuliko la mtu yeyote, na wewe hukuwepo.

Owino ilikuwa imefurika, Krismasi inabisha hodi, kila mtu anavuta kitambaa kana kwamba ndicho cha mwisho duniani. Mimi nikajitia fundi nikamchagulia Mama kitambaa cha zambarau, kizuri, kinachokaa vizuri mwilini. Mama akakipapasa, akasema uzi wake ni mwepesi, kisha akauliza rangi. Nikamwambia zambarau. Akageuza uso upande wa Baba, akangoja.

"Hii inakuzeesha," Baba akasema. Mwenye duka akakasirika kwa niaba ya kitambaa. Baba hana habari. Akaenda akipekua marobota, mkono wa Mama umeshika kiwiko chake, mpaka akasimama. "Hapa pana njano. Si hii njano ya kelele. Ni ile ya ua la boga asubuhi, kabla jua halijalichoma."

Mama akasema, "Kata hicho."

Celestine, mimi ni fundi cherehani mwaka wa ngapi huu, nauza rangi kila siku, na sijawahi kumweleza mteja rangi hivyo. Nilimshonea gauni jioni ile ile, na Jumapili kanisani watu walimsimamisha. Kila anayemsifu, Mama anajibu kwamba Baba Celestine ndiye aliyechagua. Analisema mbele za watu, bila haya yoyote.

Siku nyingine tukaenda Makumbusho pale karibu na Kamwokya, tukakaa zaidi kwenye ngoma na marimba maana pale Mama hakuhitaji macho ya mtu. Lakini siku kubwa ilikuwa Entebbe. Nilipika tangu alfajiri: matoke, kuku, chapati, na nsenene za kukaanga, wale panzi wa huku ambao msimu wao ulikuwa unaisha. Mama alionja mmoja, akasema kumbikumbi wa nyumbani wana adabu zaidi. Kisha akala bakuli zima.

Kwenye bustani ya wanyama Baba alifunguka kabisa. Unakumbuka alivyokuwa akigandia redio siku za mpira, haguswi, hasemeshwi? Kumbe yale yote yalimwingia. Tumefika kwa simba, akaanza: "Simba amelala upande wa kushoto, hana haraka, anageuza kichwa, anatazama upande wetu, hapana, amebadilisha mawazo, anarudi kulala." Mama akamkatiza kwamba asimtangazie mpira, amwambie manyoya yakoje. Akamwambia ni kama mkeka uliokaliwa na wageni wengi. Kwa yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, alisema amesimama kama karani wa chifu, anakuona lakini hataki kukuhudumia. Mama alilazimika kushika ukingo kwa kucheka. Nilipogeuka nikakuta watoto wa watu wamejipanga nyuma yetu wanasikiliza, ingawa Kibukusu hawakijui hata neno. Akech akawa mkalimani, na pengo lake la jino, siku hiyo haya akaisahau.

Chakula tulikula kwenye bustani ya miti, ufukoni mwa ziwa. Ogutu, maskini, kwa kuwa hawezi kutafuna mbele ya mama mkwe wake, akachukua sahani akaenda kula nyuma ya mti. Mama akamwuliza Baba mkwe amekwenda wapi. Baba akasema yuko nyuma ya mti anakula vizuri, usihofu, ameongeza kuku. Tangu siku hiyo Ogutu anamsifia Baba kwa kila mteja anayenunua plagi.

Sasa nisikilize hapa. Baada ya kula, wao wawili walisogea hadi ukingo wa maji. Mimi nilikuwa nakusanya vyombo nyuma yao. Baba alitazama ziwa, akanyamaza.

"Mbona huniambii?" Mama akauliza.

"Ni kubwa. Sina maneno."

"Nitafutie."

Akatafuta. Nilimwona akitafuta, anakuna kidevu, anatazama juu. Kisha akasema, "Unakumbuka mwaka ule mto ulipofurika, shamba la chini likawa maji matupu mpaka kwenye ule mti wa mwisho?"

"Nakumbuka."

"Sasa uondoe mti wa mwisho."

Mama akasimama pale muda mrefu, uso kwenye upepo. Akasema, "Naliona." Mimi nikarudi kwenye vyombo vyangu, nikaosha sahani safi.

Tukaanza kurudi nyumbani. Nilikuwa nikiwaza mpango wetu ule mzuri. Daktari ana matone na mashine, na Mama Maimunah ana chumba, na mimi nina upendo wa kutosha, lakini kati yetu sote ni nani angemwambia kwamba ule mti wa mwisho haupo? Nikampigia Saverio, nikamwuliza kuhusu zile kamba za katani ambazo Baba alifunga toka jikoni mpaka chooni na mpaka zizini, zile tulizosema anamfungia Mama kama ndama. Saverio akasema Mama ndiye anayezishika akitembea, na tangu zifungwe hajajikwaa. Alianguka kisimani kwa sababu huko kamba ilikuwa haijafika. Sasa imefika.

Hata hivyo nilitaka kutimiza ahadi yangu kwenu. Juzi mchana, Mama akiwa barazani kwa Mama Maimunah anajifunza kufuma kikapu, nikakaa mkekani nikamweleza yote. Nilisema vizuri, Celestine, kama ulivyonifundisha: daktari, usalama, wajukuu, na kwamba Baba angekuja kumwona kila sikukuu. Mama hakukasirika. Alimaliza mzunguko wa ukindu aliokuwa nao mkononi, kisha akaita, "Baba Celestine." Baba alikuwa amekaa ngazini, karibu kabisa. Alikuwa amesikia kila neno.

"Hebu nitazamie uso wa huyu mtoto."

Baba akanitazama. Nilitaka kugeuka, nikashindwa.

"Anataka kulia," akasema, "lakini anajikaza. Maneno aliyosema si yake peke yake, amebebeshwa. Anakupenda."

"Basi mwambie kesho tunakwenda nyumbani."

Nikalia. Mama Maimunah naye akalia, wakati hata Kibukusu hakijui. Jana asubuhi Ogutu akawapeleka hadi mpakani Malaba, Baba nyuma, Mama kando yake, mbele hapana mtu. Nilisimama langoni mpaka Noah ikapotea kwenye kona.

Kwa hiyo ndiyo hivyo, dada. Hakubaki, na mimi sikumshawishi. Ukitaka kukasirika nikasirikie mimi, mgongo wangu ni mpana. Matone amepewa ya kutosha, Baba ndiye anayemtia na hakosei, na daktari amesema akaguliwe tena likizo ya Aprili. Watakuja wote wawili, chumba cha Mama Maimunah kinawangoja, na Travis tayari ameomba twende Jinja ili Baba amweleze Mama chanzo cha Nile.

Ombi langu ni moja. Ile pesa uliyotaka kutuma ya kumlipia Mama maisha ya huku, ikusanye iwe tiketi yako, uje hiyo Aprili. Najua mkataba, najua likizo yenu ni ya kubembeleza. Lakini nikwambie kilichotokea usiku wa Krismasi. Mama aliomba picha zako. Nikampa Baba simu, akazipitia moja baada ya nyingine, akamweleza sare yako, jengo la hospitali, viatu. Mama akauliza, "Amekonda? Amechoka? Yuko sawa?" Baba akarudi mwanzo akazitazama zote upya. Akasema hawezi kujua, kwa sababu katika kila picha umetabasamu.

Njoo, Celestine, ukae kwenye kile kiti cha nyuma, Baba akutazame na Mama aambiwe.

Salamu kwako kutoka kwa Ogutu, Travis na Akech mwenye pengo. Mama Maimunah anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema anakujua kwa jina. Nisalimie na wenzako mnaokaa pamoja. Mungu aliyekupeleka mbali akulinde kazini na njiani, aushike mgongo wako, na asichoke kukufungulia njia ya kurudi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Nasike.