Kipande cha Kukimbia

Ilomba, Jumanne 14 Mei

Bosi kaniudhi. Kazi yetu ni kuandika simulizi za wazee waliopigana vita vya Kagera, ziwekwe kwenye kumbukumbu za wilaya, lakini leo kaja kusimama nyuma ya kiti changu: "Dada, kitoe hicho kipande cha mzee kukimbia. Watu watatuelewaje?"

Mzee mwenyewe ni baba mkwe wangu. Ni Mnyakyusa wa zamani. Kwake mke wa mwana hakutani naye wala haongei naye. Tunaishi ua mmoja, na nikisikia fimbo yake tu, nakwepa. Kwa hiyo alihojiwa na mwenzangu, mimi nikabaki kutaipu na hedifoni masikioni. Sikujua kama ana sauti nyembamba vile.

Anasema walishambuliwa kwenye migomba. Rafiki yake akapigwa risasi ya paja, akamwita kwa jina. Yeye akakimbia. Basi. Halafu anaomba maji.

Nilikuwa nimeshaanza kufuta. Mkataba wangu ni wa miezi sita, ugomvi siuwezi. Rekodi ikawa inaendelea, nikasikia mwenzangu akimuuliza kama ana la kuongeza.

"Atakayeandika ni mke wa mwanangu," akasema. "Mama, usinifanye shujaa. Andika kwamba aliniita."

Nimeandika. Bosi akitaka, afute mwenyewe.

Miaka kumi na moja nimeolewa hapa. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia.