Sikio Kubwa Ukutani

Mpendwa Bibi Tuntufye, naomba msaada wako maana hapa nilipofika sioni mlango, mimi ni mwalimu niliyepangiwa shule moja huku Busale kutoka mkoa mwingine, na wiki ya kufunga shule nilitaka darasa langu lifurahi nikatengeneza mchezo kwenye kompyuta, picha ya mtu nimeifunika kwa visanduku vya rangi, mtoto akijibu swali nabonyeza, kisanduku kimoja kinatoweka na kipande cha picha kinaonekana ukutani kwa projekta, wa kwanza kumtambua mtu anapata zawadi, nami nikaweka picha ya marehemu mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, aliyebeba mchanga wa kujengea darasa lile kwa mkokoteni wake, nikidhani namheshimu na kumfurahisha binti yake aliyemo darasani, nimwite Kisa. Kilichotangulia kufunuka ni sikio, Bibi, sikio peke yake, kubwa ukuta mzima, mmoja akasema hilo la punda, Kisa akasimama akasema, "Mwalimu, hilo si sikio, ni jani la gimbi, tuchume tupike," darasa likaanguka kwa kicheko na mimi nikacheka nao. Swali lililofuata alijibu yeye mwenyewe, nikabonyeza, macho ya baba yake yakatokea yanamtazama.

Hakulia, alitoka tu, na shule zimefunguliwa hajarudi, mama yake anasema mtoto hali chakula, analala amejifunika kanga usoni, anasema amemcheka baba mbele za watu na baba amesikia. Kompyuta ile siwezi kuigusa, nimeanza kuomba uhamisho. Nifanye nini?

Mwalimu, Busale

Mwanangu, pole. Nilipokuwa nasomewa barua yako, nilimwambia msomaji aishie pale kwenye macho, nikatoka kugeuza kokoa yangu juani, ndipo nikarudi kusikia mwisho.

Sasa nikugombeze. Huku kwetu uso wa marehemu hufunuliwa mara moja, watu wamenyamaza, mfiwa ameshikwa mabega. Wewe umemfunua kipande kipande kama anayemenya ndizi, mtoto wake amesimama peke yake, tena kwa zawadi. Mama yake yupo, hukumwuliza. Ugeni si ruhusa ya kutouliza.

Na liko jambo umelipitia haraka. Kisa alicheka hajui. Wewe ulicheka unajua sikio ni la nani. Mzigo ni wako, na mtoto ndiye anayelala nao.

Kwa hiyo uhamisho uache. Ukikimbia, ataamini kosa lilikuwa kubwa hata mwalimu likamshinda.

Nenda kwao kesho asubuhi, mikono mitupu. Usimwite Kisa. Kaa chini jikoni na mama yake, mchambue mchele, halafu useme hayo niliyokwambia, kwa sauti ya kufika chumbani alikolala mtoto. Kisha umwulize mama, mume wake alikuwa akitaniwa nini, maana mtu mwenye sikio kama hilo hakukua bila kutaniwa. Mwache asimulie. Akilia, lia naye.

Siahidi kitu. Huenda mtoto asitoke. Basi kesho yake urudi, uchambue tena, na kesho yake tena.

Na siku akitoka, ile kanga aifunue mwenyewe. Mikono yako wewe ibaki kwenye mchele.