Mizani Kumi na Saba

Shaame, nilisikia kicheko kabla sijatazama skrini. Gurdial wa Ilford, Uingereza, anayekagua function mpya, yaani vijiprogramu, za database yetu ya bure, anacheka mpaka anakohoa.

Ile function yangu ya kuhesabu mizani nimeijaribu kwa shairi langu la harusi ya Malak. Imelikataa! Mstari wa tatu una mizani kumi na saba badala ya kumi na sita.

Kumi na saba, Shaame. Mimi!

Nikadai function ndiyo mbovu. Gurdial, anayejua Kiswahili, akahesabu mizani kwa vidole: "Function yako nzima, bwana. Mbovu mshairi."

Ningeweza kuilegeza ili ipitishe mstari wangu. Nilikuwa nimechoka, lakini sikuigusa.

Nimempigia Malak: "Dada, shairi lako naliandika upya, na safari hii nitahesabu."