Wanamlaza Binti Yangu kwenye Maji ya Chumvi

Dada mshauri, nishike mkono kabla sijaharibu zaidi, mimi ni mjane wa hapa Iloilo, Ufilipino, binti yangu Lorelie ana miaka kumi na tisa, amebaki mifupa lakini kwenye kioo anajiona mnene, hospitalini walimsaidia akaanza kula kidogo, sasa wamemwingiza kwenye tiba ya majaribio, anaelea peke yake gizani saa nzima kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, eti atulie aache kuuogopa mwili wake, nami nikajiuliza, tiba gani hii haina dawa wala sindano, na mlango unafungwa kwa nini?

Nikamuuliza, "Mle wanakufanya nini?" Akasema, "Hakuna, Mama, naelea tu. Mle sina mwili." Moyo ukanipasuka, nani husema hivyo ila anayetaka kufa? Alhamisi nikamsukuma muuguzi mlangoni, nikawasha taa, nikamkuta ametulia kama mtoto mchanga, akashtuka, akajifunika kwa mikono, akapiga kelele, "Toka! Hata huku umekuja kunitazama tumbo?" Nakiri nilizoea kumtania mezani, "Lorelie, tumbo hilo!", lakini huku nani hataniwi? Tangu siku hiyo hasemi nami, na uji wa kuku ninaompelekea anaurudisha bila kuuonja. Nimtoe?

Mama Lorelie, Jaro

*

Mama Lorelie, pole. Kushuku si kosa: jaribio ni jaribio, hata madaktari hawajajua kama litafaa. Lakini umeshuku maji, giza na mlango, ukasahau kuushuku ulimi wako. Utani ambao wengine wanaucheka, mwanao umemkaa mwilini.

Anarudisha uji? Daktari wake ajue leo, si kesho. Na usikisie maana ya "sina mwili". Muulize waziwazi: "Mwanangu, unawaza kufa?" Kuuliza hakumpi wazo hilo.

Ukifika hospitalini, muombe radhi muuguzi, kisha uliza: nani anamwangalia akiwa ndani? Anaweza kutoka akitaka? Moyo na uzito vinapimwa lini? Matibabu ya kula yanaendelea? Wakikwepa, umshauri Lorelie ajitoe, nami niko upande wako. Wakijibu vizuri, uamuzi ni wake. Ni mtu mzima.

Nyumbani kaa naye, ule chako, usihesabu vijiko vyake. Usiseme amekonda, wala amenenepa, wala amependeza. Mwambie, "Nisamehe," bila kuongeza "lakini". Kisha nyamaza, Mama, hata akichukua wiki nzima kukujibu.